Kabla Rubani Hajapanda Ndegeni

Siku ya mwisho ya maonyesho ya ndege ya Dubai, tarehe 21 Novemba 2025, ndege ya kivita ya India aina ya Tejas ilikuwa ikicheza karibu na ardhi. Ikashuka, na kimo cha kuinulia pua hakikubaki. Ilipiga ardhi ya uwanja wa Al Maktoum na kuwaka moto mbele ya umati uliokuwa umeinua simu kurekodi. Rubani wake, Namansh Syal wa Jeshi la Anga la India, alifariki. Moshi ulikuwa haujaisha na tayari mitandaoni kila mtu alikuwa hakimu. Huyu anasema rubani alikosea hesabu, yule analaumu injini, mwingine anatania ndege zinazotengenezwa India huku kuna nyumba ndiyo kwanza inapokea taarifa ya msiba.

Katika kelele zote hizo jambo moja lilipita bila kuzungumzwa: hakuna mtazamaji aliyekufa. Ndege yenye mafuta ililipuka kwenye shughuli iliyojaa wageni kutoka kila pembe ya dunia, na msiba ukaishia kwa mtu mmoja aliyekuwa ndani yake. Kuna mtu, muda mrefu kabla ya siku hiyo, alichora mstari kwenye ramani akaamua kwamba ndege hazitauvuka kuelekea kwa watu. Jina lake halimo kwenye habari yoyote, na hakuna atakayemtafuta kumpa mkono.

Linganisha na Sknyliv. Tarehe 27 Julai 2002, kwenye uwanja huo ulio kando ya mji wa Lviv, Ukraine, familia zilikuja kusherehekea miaka 60 ya kikosi cha anga cha eneo lile. Ndege aina ya Su-27 yenye marubani wawili ikatoka kwenye mchezo wake ikiwa chini mno, ikagusa ardhi, ikajiviringisha hadi katikati ya watu. Walikufa 77, wakiwemo watoto 28. Waliojeruhiwa walizidi 500. Marubani wote wawili, Volodymyr Toponar na Yuriy Yegorov, walifyatuka na viti vyao vya dharura, miavuli ikafunguka, wakaishi.

Mara mbili ndege ya kivita imeshindwa kunyanyuka kutoka kwenye mchezo wa chini. Mara ya kwanza wamekufa 77, mara ya pili mmoja. Anayetaka kueleza tofauti hiyo kwa umahiri wa marubani atapata taabu, maana Toponar hakuwa mwanafunzi. Alikuwa miongoni mwa marubani wa maonyesho wenye uzoefu mkubwa nchini mwake. Pale Sknyliv ndege iliruhusiwa kuchezea juu ya mahali watu walipokuwa wamesimama, na hilo lilipangwa ofisini, na watu wenye vyeo, kabla injini haijawashwa.

Ndiyo maana nasema tunaziangalia ajali hizi kuanzia upande usiofaa. Tunaanza na mkono wa rubani, tunamaliza na mkono wa rubani. Kama ndege itaanguka, rubani ana sehemu kubwa ya jibu. Nani atakufa nayo ikishaanguka, hilo limekwisha kuamuliwa na wengine yeye akiwa bado anakunywa chai ya asubuhi.

Hata mahakama hujikuta zikifuata mkono wa rubani. Mwaka 2005 mahakama ya kijeshi ya Ukraine ilimfunga Toponar miaka 14 na Yegorov miaka 8. Maofisa wengine watatu walipatikana na hatia, adhabu ya juu kati yao ikiwa miaka 6. Majenerali walioshitakiwa kwa jambo hilo hilo waliachiwa huru mwaka 2008. Toponar alijitetea kwamba aliomba kufanya mazoezi pale pale Sknyliv akanyimwa, na kwamba ramani aliyopewa haikufanana na alichokikuta. Mahakama haikuona utetezi huo unamsafisha, na kwa kweli haumsafishi. Rubani anayeona watu chini yake anajua anachokiona. Lakini utetezi ule ulitaja mambo mawili, mazoezi na ramani, na yote mawili hayapatikani ndani ya ndege. Yapo kwenye meza ya mkubwa fulani.

Waliokuwa watu wazima mwaka 1988 wanaijua Ramstein. Kwa wadogo zetu nitaieleza, kwa sababu sijaona ajali nyingine inayofundisha kiasi kile. Ramstein ni kambi ya jeshi la anga la Marekani, wakati huo ikiwa katika Ujerumani Magharibi. Tarehe 28 Agosti mwaka huo watu wapatao 300,000 walifika kutazama maonyesho. Kikosi cha Italia, Frecce Tricolori, kilirusha ndege 10 aina ya MB-339, na mojawapo ya michezo yao ilikuwa kuchora moyo kwa moshi: makundi mawili yanapanda, yanaachana, yanashuka pande mbili na kupishana chini, huku ndege moja peke yake ikipita katikati kama mshale unaochoma moyo. Ndege hiyo ya mshale ilikuwa ya Ivo Nutarelli. Siku hiyo ilifika mahali pa kupishania mapema kidogo na chini kidogo. Ikagonga wenzake. Ndege tatu zikaanguka, na moja ikaipiga helikopta ya uokoaji iliyokuwa imeegeshwa tayari kwa dharura; rubani wa helikopta hiyo alikufa baadaye kwa majeraha ya moto. Ndege ya Nutarelli iliendelea na safari yake ikiwa mpira wa moto hadi kwa watu. Jumla ya waliokufa ni 70, marubani watatu wakiwemo. Majeruhi walikuwa mamia.

Sasa angalia mchoro wa mchezo wenyewe. Mshale ulikuwa unaelekea wapi? Kwa watazamaji. Ndivyo ulivyobuniwa, kwa sababu ndege inayokujia usoni inatia msisimko kuliko inayopita pembeni. Nutarelli na wenzake wangeweza kufanya mchezo ule mara mia bila dosari, na mara zote mia ile njia ingekuwa inaishia kwa watu walioshika aiskrimu. Aliyeukubali mchoro huo, akaupigia mhuri, hakuhitaji kujua urubani ili kuona hatari. Alihitaji penseli na rula, auendeleze ule mstari aone unafika wapi.

Na ubaya wa maandalizi uliendelea hata baada ya moto. Waokoaji wa Kimarekani walikuwa na mtindo wa kumbeba majeruhi haraka na kuondoka naye. Wa Kijerumani wamezoea kumtibu kwanza pale alipo. Vifaa vya dripu vya upande mmoja havikuingiliana na vya upande wa pili. Kuna basi lililojaa watu walioungua lililotangatanga kwa muda mrefu likielekea hospitali ya Ludwigshafen, kwa kuwa dereva hakuijua njia. Watu 300,000 wamealikwa kuja kutazama ndege za kivita zikicheza, na hakuna aliyekaa na wenyeji kulinganisha hata sindano. Ujerumani ilipiga marufuku maonyesho ya aina hiyo kwa miaka mitatu, kisha ikayarudisha kwa masharti makali.

Kinachouma zaidi ni kwamba somo la Ramstein lilikuwa limekwisha kuandikwa miaka 36 nyuma. Tarehe 6 Septemba 1952, huko Farnborough, Uingereza, ndege mpya ya majaribio aina ya DH.110 ilivunjika vipande ikiwa inageuka kuelekea upande wa umati. Rubani John Derry na mwenzake Anthony Richards walikufa, na injini zikachomoka, moja ikaendelea kuruka yenyewe hadi mlimani walipokuwa wamekaa watu. Walikufa 29 huko chini. Mwaka mmoja kabla, katika mji mdogo wa Flagler, Colorado, ndege ilikuwa imeanguka juu ya watazamaji wakafa watu 20, wengi wao watoto. Kutokana na misiba hiyo Uingereza na Marekani zilitunga kanuni ambazo hadi leo ndizo msingi: umati ukae upande mmoja, uwe na mstari wake, na ndege ikitaka kupinduka na kujizungusha ifanye hivyo sambamba na mstari huo, isiwaelekee watu. Kwa ndege za kivita zenye kasi, Marekani iliweka umbali wa futi 1,500, yaani kama mita 457.

Hapa nataka tupige hesabu kidogo, kwa sababu wengi wanadhani umbali peke yake unatosha. Ndege inayokwenda kilomita 700 kwa saa inakula karibu mita 195 kila sekunde. Mita 457 ni sekunde mbili na nusu hivi. Kwa muda huo hujamaliza hata kumwambia mwenzako "kimbia". Kwa hiyo kama ndege inakuja kwako, umbali ule ni faraja ya karatasi. Kinachookoa ni mwelekeo. Chuma kikikatika angani hakisimami kufikiri. Kinaendelea kule kilikokuwa kinakwenda. Kama kilikuwa kinakwenda sambamba na umati, kitaishia nyasini mwisho wa uwanja. Umbali unasaidia kwa vile vipande vinavyopotoka pembeni, na kwa rubani anayepepesuka sekunde moja kabla ya kujirekebisha. Vyote viwili vinahitajika, lakini mkubwa kati yao ni mwelekeo, na ndio huo ambao waandaaji hushawishika kuulegeza kwa ajili ya msisimko.

Uthibitisho upo. Mwaka 1989, kwenye maonyesho ya Paris, ndege ya kivita aina ya MiG-29 ya rubani Anatoly Kvochur ilimeza ndege wa porini katika injini moja ikiwa chini na polepole. Alifyatuka akiwa karibu kabisa na ardhi, akaokoka, na watazamaji hawakuguswa. Mwaka 1993 huko Fairford, Uingereza, MiG-29 mbili ziligongana juu ya uwanja, marubani wote wakashuka kwa miavuli, watazamaji wakarudi makwao salama. Paris tena mwaka 1999, Su-30 ilipiga mkia chini, ikapanda ikiwaka, marubani wakafyatuka, umati ukabaki salama. Tarehe 28 Agosti 2025, siku ile ile ya Ramstein miaka 37 baadaye, F-16 ya Poland ilianguka Radom wakati wa mazoezi na kumuua rubani wake peke yake. Orodha ni ndefu. Ndege zinaanguka, na zitaendelea kuanguka, maana kazi yenyewe ni kuipeleka mashine kwenye ukingo wa uwezo wake karibu na ardhi. Mstari ukiheshimiwa, msiba unakuwa wa rubani na familia yake. Ukidharauliwa, unakuwa wa mji.

Lakini mstari nao una upofu wake, na hapa lazima niwe mkweli kwa sababu Uingereza ilijisifu miaka mingi kwamba tangu 1952 hakuna mtu wa kawaida aliyeuawa ardhini kwenye maonyesho yake. Tarehe 22 Agosti 2015, huko Shoreham, ndege ya zamani ya kivita aina ya Hawker Hunter ilijaribu mzunguko wa wima. Wachunguzi walikuta baadaye kwamba ilianza kupanda ikiwa na kasi pungufu, na injini haikupewa nguvu za kutosha. Ilifika kileleni ikiwa futi kama 2,700, wakati ilitakiwa kuwa na angalau 3,500. Kwa hesabu za waliozijaribu ndege hizo baada ya ajali, hata pale juu rubani bado angeweza kuacha mzunguko na kutoka pembeni. Hakutoka. Ndege ikashukia kwenye barabara kuu ya A27 na kuua watu 11.

Walikuwa nani hao? Wengi wao hawakuwa na tiketi. Walikuwa wapita njia ndani ya magari yao, na wengine waliosimama kando ya barabara kwa sababu pale mahali ndege zinaonekana vizuri bila kulipa. Ulinzi wote ulikuwa umejengwa kumzunguka aliyelipa kiingilio. Aliyeko nje ya uzio hakuwa kwenye hesabu ya mtu, ingawa njia ya kushukia ya ule mzunguko ilipita karibu kabisa na juu yake. Rubani aliokoka, akashitakiwa kwa mauaji ya uzembe, na mwaka 2019 baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia. Mwaka 2022 mahakama ya uchunguzi wa vifo ikasema watu wale waliuawa kinyume cha sheria. Waliofiwa walibaki wakijiuliza vipi maamuzi hayo mawili yanakaa kwenye kabati moja.

Ripoti ya wachunguzi wa Shoreham ina mamia ya kurasa na iko wazi kwa yeyote kusoma. Sehemu kubwa haimzungumzii rubani. Inazungumzia nani alikagua hatari za uwanja, nani alijua mchezo gani utafanyika juu ya nini, na nani alikuwa na mamlaka ya kusema simama. Aliyeandaa maonyesho hakujua mapema rubani atacheza mchezo upi sehemu gani. Ukisoma hapo unaelewa kwamba kila mtu alidhani mwenzake ameangalia.

Na marubani wenyewe? Hao nao mara nyingi huuawa na ofisi. Mfano ninaourudia kila ninapobishana na watu juu ya nidhamu ya jeshi ni wa kambi ya Fairchild, jimbo la Washington, tarehe 24 Juni 1994. Luteni Kanali Arthur Holland alikuwa akifanya mazoezi ya onyesho na B-52, ndege kubwa ya mabomu yenye injini 8, isiyotengenezwa kwa sarakasi za angani. Alikuwa anauzunguka mnara wa kuongozea ndege, chini, huku akiilaza ndege ubavu zaidi na zaidi. Ikalala kabisa, ikakosa kinachoibeba, ikaanguka. Wanne walikufa.

Tabia ya Holland haikuwa siri. Kwa miaka mitatu kabla alikuwa akivunja mipaka ya ndege ile mbele ya wakubwa wake, kwenye maonyesho ya wazi, na kila kiongozi mpya alipokuja alimkemea kwa mdomo, kisha akamwachia aliyefuata. Luteni Kanali Mark McGeehan, aliyeongoza kikosi kimojawapo pale, alikwenda kwa mkubwa wake akaomba Holland azuiwe kuruka. Akakataliwa. Basi akaamua kwamba hakuna kijana wake atakayepanda na Holland isipokuwa yeye mwenyewe yumo ndani. Siku ile alikuwa kwenye kiti cha pili. Mke wake na watoto waliiona ndege ikianguka wakiwa nyumbani. Yule kanali aliyekataa ombi la McGeehan alishitakiwa, akakiri kuzembea wajibu, akatozwa faini ya dola 7,500.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado inanikasirisha. Jeshi ni mahali ambapo kijana akikosea kufunga kamba za viatu anapiga magoti juani, lakini ofisa mwenye sifa ya ushujaa anaweza kucheza na roho za watu miaka mitatu kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuandika barua. Mwaka 2010 huko Alaska, ndege ya mizigo C-17 ilianguka kwa namna ya kushangaza kwa kufanana, nayo ikiwa mazoezini kwa ajili ya onyesho. Walikufa wanne tena. Kengele ya onyo ilikuwa ikilia ndani ya ndege, na waliokuwemo walikuwa wamezoeshwa kwamba kengele hiyo, kwa mchezo ule, ni ya kawaida.

Wakati mwingine kosa ni dogo hata la kuchekesha, kama lisingekuwa la kutisha. Septemba 2003, kapteni wa Thunderbirds, kikosi cha maonyesho cha jeshi la anga la Marekani, aliruka kwenye kambi ya Mountain Home, Idaho. Mchezo wake ulihitaji apande kimo fulani, ageuke kichwa chini, kisha ashuke. Kimo alikihesabu kwa kutumia mwinuko wa kambi yake ya nyumbani, Nellis, iliyoko kama futi 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mountain Home iko kama 3,000. Futi hizo 1,000 alizodhani anazo chini yake zilikuwa udongo. Alifyatuka sekunde 0.8 kabla ya F-16 yake kupiga ardhi, akaishi, na maelfu ya watazamaji wakarudi nyumbani wazima kwa sababu ndege haikuwa imewaelekea. Baada ya hapo kikosi kilibadilisha namna ya kutaja kimo: badala ya waongozaji wa chini kuhesabu kutoka ardhini na rubani kutoka usawa wa bahari, na kumwachia yeye kulinganisha namba kichwani akiwa amebanwa na nguvu ya mara kadhaa ya uzito wa mwili wake, wakaanza wote kuhesabu kutoka usawa wa bahari. Huo ndio uongozi. Hawakuishia kumlaumu kapteni, waliuondoa mtego.

Kuna uamuzi mwingine wa mezani ambao Dubai iliurudisha kwenye mjadala: ndege imeanguka, rubani amekufa, je, onyesho liendelee? Farnborough 1952 liliendelea. Rubani Neville Duke alipanda Hunter yake siku ile ile akavunja kizuizi cha sauti juu ya watu walioona wenzao wakifa, na Uingereza ya wakati ule, iliyotoka vitani, ilimwona shujaa. Radom 2025 lilifutwa lote. Dubai, maruko yalirejea siku hiyo hiyo, na rubani wa timu ya Marekani ya F-16 aliyekuwa kwenye ratiba alikataa kuruka, akaeleza hadharani jinsi alivyosikitishwa kuona shughuli zikiendelea kama kawaida. Niko upande wake. Sababu yangu ya kwanza ni heshima kwa maiti, jambo ambalo halihitaji maelezo kwa msomaji wa Kiswahili. Ya pili ni ya kiufundi: rubani anayeruka saa moja baada ya kumwona mwenzake akiungua hana kichwa kilekile alichoamka nacho. Kama tunakubali kumzuia rubani aliyekosa usingizi, tunamruhusuje huyu?

Lakini Dubai ni soko. Mwezi Septemba 2025 India ilikuwa imetia saini mkataba wa kununua Tejas nyingine 97 kwa ajili ya jeshi lake lenyewe, na ilikuwa ikitafuta wateja wa nje. Kila ndege inayopinduka juu ya uwanja kama ule ina kazi mbili, kufurahisha umati na kumshawishi waziri wa ulinzi wa nchi fulani aliyekaa kivulini. Ndipo shinikizo linapoanza. Kuruka chini kidogo zaidi, kuzunguka kwa duara dogo zaidi, kumwonyesha mteja kwamba mashine yetu inaweza. Sisemi hilo ndilo lililomuua Syal. India iliunda tume yake na kazi hiyo ni yao. Nasema shinikizo hilo lipo kwenye kila onyesho la biashara, na kwamba ni busara kuwa na mtu asiye na bidhaa ya kuuza mwenye neno la mwisho juu ya kimo.

Huku kwetu wengi hukutana na ndege za kivita siku za taifa: Uhuru na Muungano Tanzania, Madaraka na Jamhuri Kenya, sherehe za Kololo Kampala. Kupita juu ya uwanja kwa mstari ulionyooka ni salama mno kuliko sarakasi, na sitaki kumtisha mtu bure. Ila ndege hizo hupita juu ya watu wenyewe, uwanja umejaa, na baadhi ni mashine zenye umri mkubwa kuliko marubani wao. Na Kenya imekwisha kwenda hatua zaidi. Mwaka 2022 jeshi la anga lilianzisha tamasha la ndege Uhuru Gardens, Nairobi, na nadhani ni jambo jema. Watoto walioona ndege kwa karibu ndio wahandisi wa kesho kutwa.

Ila Nairobi si Dubai. Uwanja wa Wilson, jirani ya Uhuru Gardens, uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, injini inapumua kwa shida, bawa linabeba kidogo, na mzunguko uleule unakula kimo kikubwa kuliko ungefanyika Dar es Salaam au Mombasa. Rubani mgeni anayekuja na hesabu za pwani anabeba mtego uleule wa Mountain Home, mara tano na zaidi. Kisha kuna ndege wa porini: korongo na tai wa mbuga ya taifa iliyo karibu, na aliyeona kilichompata Kvochur hatawapuuza.

Halafu kuna Barabara ya Lang'ata. Siku ya onyesho matatu zitapunguza mwendo, bodaboda zitasimama kando, watu watapanda kwenye tuta la barabara kutazama bila kulipa, kama wale wa Shoreham. Upande wa mbuga kuna eneo pana lisilo na watu, na huko ndiko michezo yote inapaswa kufanyika, sambamba na umati, nayo barabara ifungwe kwa muda hata kama kufunga kutaudhi wenye magari na kuongeza gharama. Ramani yenyewe, yenye mstari wa umati, njia za ndege, kimo cha chini kinachoruhusiwa na jina la ofisa mwenye mamlaka ya kusimamisha onyesho, ichapishwe magazetini wiki moja kabla tiketi hazijauzwa, ili mhandisi yeyote aliyeko Eastleigh au Kisumu aweke rula juu yake na kupiga simu akiona mstari umekaa vibaya.